Spea za Magari ya Zamani: Tutunze Kwanza, Rangi ya Unga Ifuate

Hotuba iliyotolewa mbele ya mafundi wa gereji na wenye magari ya zamani waliokusanyika Mwanga, Kigoma. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, mafundi wenzangu, kina mama mliokuja kwa niaba ya magari mliyoachiwa na baba zenu au waume zenu, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii, nawasalimu nyote. Wazee, shikamooni. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja kukaa pamoja kuzungumzia vyuma ambavyo watu wengi wa mji huu wanaviona kuwa takataka.

Nimeombwa nizungumzie mambo mawili. La kwanza ni namna ya kutunza spea za magari ya zamani majumbani mwetu. La pili ni hii rangi ya unga, ambayo vijana wanaiita pauda kotingi, na kama inafaa kupigwa nyumbani. Nitayachukua kwa mpangilio huo huo, na sikuuchagua kwa bahati. Naamini kwa dhati kwamba mtu asiyejua kutunza chuma kikiwa kitupu hataweza kukitunza kwa kukipaka rangi, hata rangi hiyo iwe ya bei gani.

Nianze kwa kuwauliza. Spea za Land Rover ya zamani zinatoka wapi leo? Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na toleo la Series III, ambalo ndilo la mwisho katika ukoo ule, lilikoma kutengenezwa mwaka 1985. Spea za Peugeot 404 zinatoka wapi, ilhali Ufaransa ilimaliza kulitengeneza gari hilo mwaka 1975? Na Toyota Land Cruiser zile za mfululizo wa 40, zilizomalizika mwaka 1984? Zipo spea zinazotengenezwa upya, nakubali, na mwenye fedha anaweza kuagiza kutoka Uingereza, akasubiri, akalipia usafiri na ushuru. Lakini mlango wa Land Rover uliofunguliwa kwenye gari lililokufa Kasulu, gia boksi iliyolala nyuma ya nyumba Ujiji, karabureta iliyofungwa kwenye gazeti chini ya kitanda cha mzee fulani Gungu, hizo ndizo ghala letu halisi. Ghala hilo halina mlinzi zaidi yetu sisi tuliokaa hapa.

Kuna watu wanaosema chuma ni chuma, hakiozi. Ndugu zangu, chuma kinaoza. Kinaoza kimya, usiku, ndani ya boksi lililofungwa vizuri, na mwenye nacho hajui mpaka siku anapokihitaji.

Meli ya Liemba, ya ziwa letu hili la Tanganyika, mnaijua nyote. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni kuja huku Kigoma. Walioletwa kuiunganisha walikuwa mafundi watatu wa kiwanda kilichoijenga, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, wakisaidiwa na nguvu za watu wengi wa hapa ambao majina yao hayakuandikwa. Iliingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma vitani, ilitolewa amri izamishwe ili isiangukie mikononi mwa adui. Sasa sikilizeni walichofanya mafundi wale. Kabla ya kuizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, walizipaka injini grisi nzito. Hawakupaka ili zipendeze. Walipaka kwa sababu walitumaini kwamba siku moja mtu atazihitaji. Meli ikaja kuinuliwa na Waingereza mwaka 1924, na injini zake zikakutwa bado zinafaa kwa kazi. Mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria kwa jina la Liemba.

Karibu miaka minane tangu kuzamishwa! Na sisi je? Tunaacha silinda hedi iliyotoka kuchongwa juu ya sakafu ya udongo msimu mmoja tu wa mvua, kisha tunalaumu hali ya hewa ya ziwani.

Tazameni pia yale makasha 5,000. Nani angeweza kuirudisha meli ile kama kila kasha lisingejulikana lina nini na kinafungwa wapi? Hapa ndipo tunapopoteza mali nyingi kuliko kwa kutu. Nilipata kuitwa na familia moja iliyofiwa na baba yao, fundi aliyefanya kazi zake kwa miaka mingi na kuheshimiwa na kila mtu, ili niwasaidie kukadiria thamani ya vyuma alivyoacha. Nilipofika nilikuta chumba kitupu. Wiki iliyotangulia, mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amepita na mizani yake, akavipima kwa kilo, akalipa, akaondoka. Watoto hawakuwa na kosa. Hakuna kifaa hata kimoja kilichokuwa na karatasi ya kueleza kwamba hiki ni krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ya injini fulani na haijawahi kuchongwa, au kwamba zile beringi zilikuwa mpya kwenye karatasi zake. Marehemu alijua vyote kwa kichwa, na kichwa chake kilizikwa naye.

Kwa hiyo nawaomba, kila kifaa kiwe na kibandiko kilichofungwa kwa waya. Andika ni kifaa gani, kimetoka kwenye gari gani na la mwaka gani kama unaujua, ni cha upande wa kushoto au wa kulia, ni kizima au kinahitaji kutengenezwa, na kama kina namba ya kiwandani, inakili namba hiyo. Andika kwa penseli kwenye kadi ngumu, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi hufutwa na mafuta, ilhali penseli hubaki. Nati na bolti zake zifungwe pamoja nacho kwenye mfuko mdogo. Mwonyeshe mtoto wako au mke wako mahali daftari la orodha lilipo. Hilo halihitaji fedha.

Sasa tuje kwenye adui mwenyewe. Kutu huhitaji chuma, hewa na unyevu, na unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 60 hivi kazi yake huenda haraka. Sisi tunaishi kando ya Ziwa Tanganyika. Kuanzia mvua za mwisho wa mwaka mpaka zinapokatika mwezi wa Mei, hewa yetu haina ukavu wa kutusaidia. Lakini kuna mambo tunayoyaongeza sisi wenyewe, na nitayataja yale ninayoyaona katika nyumba za Kigoma, wala si yale yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye theluji.

La kwanza ni chumvi. Mkoa wetu una chumvi ya Uvinza, na nyumba nyingi za wafanyabiashara hapa zina chumba kimoja tu cha stoo. Kuna ndugu yetu mmoja aliyetunza ekseli mbili na sanduku zima la gia za Land Rover kwa uangalifu mkubwa, juu ya mbao, mbali na ukuta, akazipaka grisi. Kisha mkewe akaanza biashara ya chumvi na magunia yakapangwa chumba hicho hicho. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, vumbi lake hutua kila mahali, na pale lilipotua juu ya chuma palipokosa grisi kutu huchimba mashimo badala ya kukaa juu juu. Walipoifungua ile stoo, meno ya gia yalikuwa yameliwa. Chumvi na spea zisikae chumba kimoja, hata kwa mwezi mmoja. Vivyo hivyo betri za asidi, kwa kuwa mvuke wake hula chuma na shaba ya waya zilizo karibu. Betri ikae nje ya chumba, na iwe inachajiwa mara kwa mara, maana betri iliyolala bila chaji hujiharibu yenyewe.

La pili ni mawese. Najua nagusa mali ya Kigoma, lakini lazima niseme. Mawese ni chakula, ni sabuni, ni uchumi wetu, ila hayafai kupakwa kwenye spea. Mafuta ya mimea yakikaa hewani huchacha na kuwa na asidi, huganda yakawa utando wenye kunata, na zaidi ya hayo huwaita panya. Panya akishafika hatakomea kwenye mafuta, atajenga kiota katikati ya mkongo wa waya za umeme na kuutafuna. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini nayo isitumike, ingawa ni ya bure na kila gereji inayo. Oili ile imebeba asidi na maji yaliyotokana na kuungua kwa petroli au dizeli, ndiyo maana ilimwagwa. Tumieni grisi safi au oili mpya, hata ya bei ya chini, ambayo haijaingia kwenye injini yoyote.

Kabla ya kupaka, safisheni. Kifaa kioshwe kwa mafuta ya taa, kikaushwe kabisa, kisishikwe tena kwa mikono mitupu penye uso uliosuguliwa, kwa maana jasho la vidole lina chumvi, na mtakuja kuona alama ya kidole cha mtu imechorwa kwa kutu juu ya beringi. Beringi mpya zisifunguliwe kwenye karatasi zake. Mifuko ya nailoni inayofungwa ikazwe tu kama kifaa ni kikavu na kimepakwa mafuta, kwani ukikifunga kikiwa na unyevu umeufungia humo ndani. Gazeti lisilo na mafuta hunyonya unyevu na kuushikilia, kwa hiyo halifai kugusana na chuma. Sakafu ya saruji, hata ikionekana kavu, hupandisha unyevu kutoka ardhini, basi wekeni mbao au matofali, na mbao hizo mzikague kwa sababu ya mchwa. Krankishafti ndefu isimame au ining'inizwe, isilazwe ikiwa imeegemea ncha mbili tu. Vioo vya gari visimame kwa ubavu. Karabureta imwagwe petroli yote kabla ya kufungwa, maana petroli ikikauka ndani huacha gamu kwenye vijitundu.

Mpira nao una sheria zake, tofauti na za chuma. Bushi, oili sili, na zaidi ya yote raba za breki, zisipakwe grisi ya kawaida. Raba za breki za magari mengi ya zamani ya Uingereza huvimba na kulainika zikiguswa na mafuta ya madini, na raba iliyovimba ndani ya silinda ya breki ni ajali inayosubiri mteremko. Mpira uwekwe gizani, mahali penye ubaridi, usivutwe wala kukunjwa, unyunyiziwe unga wa talki, na uwe mbali na mota za umeme na mashine za kuchomelea, kwa sababu mashine hizo hutoa hewa ya ozoni inayopasua mpira taratibu.

Naona vijana wameanza kutazamana, wanataka nifike kwenye rangi ya unga. Nimefika.

Rangi hii si ya kimiminika. Ni unga mkavu wa plastiki uliochanganywa na rangi. Njia yake ya kwanza ilibuniwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na njia tunayoiona leo, ya kuupuliza kwa umeme, ilienea kuanzia miaka ya 1960. Bunduki ya kupulizia huupa unga umeme tuli, ambao kwenye mashine za viwandani unaweza kufika volti 100,000, na kifaa kinachopakwa huunganishwa na ardhi kwa waya wa ethi, hivyo unga hukimbilia kwenye chuma na kukishika. Kisha kifaa huingizwa kwenye oveni. Kwa aina nyingi za unga, chuma chenyewe kikifika nyuzi kati ya 180 na 200 za Selsiasi na kukaa hapo dakika 10 hadi 20, unga huyeyuka, hutandaa, kisha hushikana na kuwa ngozi moja ngumu yenye unene wa mikroni 60 hadi 80 hivi. Nimesema chuma chenyewe, sikusema hewa ya oveni. Kifaa kinene huchelewa kupata moto, na anayehesabu dakika tangu alipofunga mlango hutoa kifaa chenye rangi isiyoiva, inayometa vizuri siku hiyo na kubanduka baadaye.

Je, ni rangi nzuri? Ni nzuri sana. Haina thinna ya kuvuta puani, haitiririki, inavumilia mikwaruzo na petroli kuliko rangi nyingi za kupuliza. Mtu asije akatoka hapa akisema nimeikataa. Ninachokikataa ni kuipiga juu ya kila kitu, na kuipiga jikoni.

Mwenzetu mmoja alikuwa na kofia ya juu ya rejeta ya Peugeot, ya shaba, nzuri, adimu. Akataka iwe nyeusi ya kung'aa. Akaisafisha, akaipulizia unga, akaiingiza kwenye oveni. Alipofungua mlango alikuta vipande. Rejeta za zamani zimeunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi, na lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya joto ambalo unga unalihitaji. Jiulizeni kabla ya kuingiza kitu chochote: kimeunganishwa kwa nini? Kina nini ndani? Kiboya cha karabureta kina lehemu. Shokapu imezibwa na ina mafuta ndani, ikipata moto inaweza kupasuka kama bomu. Tangi la petroli, hata likiwa tupu kwa miaka, linaweza kubaki na mvuke. Kifaa chenye puti, bushi ya mpira au sili hakiingii. Na rimu za alumini zilizoimarishwa kiwandani kwa joto maalumu zinaweza kupungua nguvu zikiokwa kwa joto kali au kwa muda mrefu, jambo ambalo macho hayaoni.

Usafishaji wa rangi ya zamani nao ni hatari ambayo watu hawaizungumzii. Rangi za magari ya miaka ile zilikuwa na madini ya risasi. Ukiisugua kwa msasa mkavu ndani ya uwanja ambamo watoto wanacheza, umewapa sumu inayodhuru akili zao. Lainisha kwa maji, vaa barakoa ya kweli na si kitambaa, kusanya vumbi. Wale wanaotumia kompresa kupulizia mchanga wa ziwani ili kung'oa kutu, nawasihi waache. Vumbi la mchanga lina silika, nayo huingia kwenye mapafu na kuyafanya makovu yasiyopona, na kuna vijana wa kazi hiyo katika nchi nyingi waliokufa kabla ya umri wao. Ziko chembe nyingine zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama vile ganeti au oksidi ya alumini. Wala msipulizie kompresa kwenye dramu za breki za zamani, kwa kuwa lainingi za wakati ule mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto.

Sasa nyumbani. Je, tunaweza kuipiga rangi hii nyumbani? Tunaweza, kwa vifaa vidogo: mabano, pedali, trei ya betri, puli, kifuniko cha valvu, kopo la hewa. Rimu ya inchi 16 ya Land Rover haiingii kwenye oveni ya kawaida ya nyumbani, kwa hiyo tusidanganyane. Kifuniko cha valvu cha alumini kiokwe kwanza kikiwa kitupu, kwa joto linalozidi kidogo lile la kuivisha rangi, ili mafuta yaliyojificha kwenye chuma cha kumiminwa yatoke kabla, la sivyo yatatoka chini ya rangi na kuacha vipele. Thinna au petroli iliyotumika kusafishia iwe imekauka yote kabla oveni haijawashwa.

Oveni itakayotumika kwa rangi isipikiwe chakula tena kamwe. Iwe ya umeme, isiwe ya gesi, kwa sababu unga huu ukielea hewani ukakutana na moto wa wazi hulipuka, kama vumbi la mashine ya kusaga nafaka. Jiko la mkaa lisiwe karibu. Sigara isiwe karibu. Anayepulizia avae barakoa ya chembechembe na glavu, kwani baadhi ya unga huchochea mzio wa ngozi na pumu, na baadhi ya aina za zamani zina kemikali yenye sumu zaidi. Kuhusu umeme, hesabu ni nyepesi. Oveni ya wati 3,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta ampea 13, ambazo ndizo kikomo cha plagi ya kawaida. Ukiiunganisha kwa waya mwembamba wa kuongezea pamoja na kompresa, waya huo utayeyuka kabla ya rangi. Oveni iwe na waya wake kutoka kwenye kisanduku kikuu, na ethi iwe ya kweli, nguzo ya shaba iliyogongwa ardhini na kupimwa na fundi umeme. Bila ethi unga haushiki, na mpulizaji ndiye anayepigwa. Tena mhakikishe LUKU ina uniti za kutosha kabla ya kuanza, kwa kuwa rangi iliyokatikiwa umeme katikati ya kuiva ni kazi ya kurudiwa tangu kung'oa.

Na unga wenyewe hautaki Kigoma yetu. Hutaka mahali pakavu penye ubaridi, chini ya nyuzi 27 hivi. Ukikaa kwenye joto na unyevu hushikana mabonge, na bunduki hutema badala ya kupuliza. Nunueni kidogo kidogo, funikeni vizuri. Kompresa iwe na kichujio cha maji. Kwa vifaa vya nje vinavyopigwa na jua chagueni unga wa poliesta, kwa kuwa ule wa epoksi hupauka na kutoa chokaa juani, ingawa ni mzuri kwa vifaa vilivyofichwa chini ya boneti.

Nimeacha jambo zito zaidi niliseme mwisho, nalo ni la roho za watu. Kijana mmoja alipeleka rimu zake kupakwa rangi ya unga katika mji mwingine. Zilirudi zinavutia. Hakuna aliyeziba sehemu za nati wala uso unaokutana na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, hivyo rangi ilikuwa imeingia kote. Alifunga tairi, akakaza nati kwa nguvu, akaondoka kwenda Kasulu. Rangi ile nene ikaminywa taratibu, nati zikalegea, na kabla hajafika, gurudumu la nyuma lilikata stadi zake, yaani bolti zinazolishika, likaenda porini. Abiria walipona kwa rehema ya Mungu. Nasema tena: palipo na nati, palipo na uzi wa bolti, palipo na uso wa kukutana na kifaa kingine, palipo na beringi, pazibwe kwa plagi za silikoni na tepu ya kuvumilia joto. Palipo na ethi ya injini pazibwe pia, kwa maana nimeona stata ikikataa kuzunguka na mwenye gari akanunua betri mpya, ilhali kilichohitajika ni kukwangua rangi upana wa kidole. Mikono ya usukani na viungo vyake isipakwe rangi nene hivi, kwa sababu ufa ukianza chini yake hautauona.

Na chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, jamani? Kila mtu ananiuliza kuhusu chesisi. Ile ya Land Rover ya zamani ni boksi la chuma lililo wazi ndani, nayo huliwa kuanzia ndani kuja nje. Ukiipiga rangi ya unga nje umeacha adui sebuleni. Jiwe moja la barabara ya vumbi likichubua ngozi ile, maji hupenya na kutembea chini yake mahali usipopaona, na kuifanyia marekebisho ya sehemu ndogo ni kazi ngumu kuliko rangi ya brashi. Kwa barabara zetu mimi nashauri kuitoa kutu, kuipaka rangi ya kawaida ya kuzuia kutu ambayo unaweza kuirudia kwa brashi, na kumimina nta au oili safi ndani ya boksi kila kabla ya masika. Kiwanda chenyewe kiliyatoa magari yale yakiwa na rangi ya kawaida, na yamefika mpaka kwetu.

Nimalizie na pendekezo. Kila mmoja wetu akinunua oveni yake, bunduki yake na kompresa yake, tutakuwa na oveni nyingi mbovu katika nyumba nyingi zenye watoto. Napendekeza tuchange, tupate oveni moja kubwa ya umeme na tuiweke katika kibanda cha matofali kilicho mbali na nyumba za kulala, chenye waya wake na ethi yake, tuitumie kwa zamu, na kazi isiingie humo mpaka mafundi wawili wameikagua kifaa kwa kifaa: lehemu, sili, nyufa, mahali pa kuzibwa. Kabla ya hapo, kila mwenye spea alete nakala ya orodha yake, iliyoandikwa kwa namna niliyoieleza, ili tujue katika mji huu nani ana kifaa cha kushoto na nani anakitafuta. Mwenye kiwanja kinachofaa, na aliye tayari kuwa mtunza daftari, namwomba asimame sasa tuwaandike majina.